Mwizi Aliyeweka Kitasa

Saa 9:14 alasiri, tarehe 23 Juni 2021, kwa saa ya kifaa chenyewe, kisanduku kimoja cha kuhifadhia mafaili kiliandika katika daftari lake la matukio kwamba kimeanza kutekeleza skripti iitwayo factoryRestore.sh. Katika sekunde hiyohiyo kiliandika kwamba kinajizima ili kiwake upya. Hakuna mtu nyumbani humo aliyekuwa amebonyeza kitu. Kilipowaka tena kilikuwa kizima kabisa, folda zake zipo, na ndani ya folda hamna kitu. Hata nenosiri la mwenyewe lilikataa.

Kisanduku hicho kinaitwa My Book Live na kilitengenezwa na kampuni ya Marekani ya Western Digital. Siku hiyo na iliyofuata, yaleyale yaliwapata wamiliki wengine katika nchi nyingi. Walikuwa wamehifadhi humo picha za watoto tangu kuzaliwa, kazi za shule, hesabu za biashara, video za watu ambao hawapo tena. Kampuni ilitoa ushauri mfupi: chomoeni vifaa vyenu kwenye intaneti.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, si ya kompyuta, na tukio hili nimelifuata kwa sababu ya aina ya ushahidi uliobaki. Ukifungua jalada la zamani ukakuta limeliwa na mchwa, mchwa hukuachia pembe za karatasi, namba ya jalada, pengine nusu ya sahihi ya Bwana Shauri. Waliolila hawakuachii maelezo. Hapa ni kinyume chake. Yaliyoliwa yameliwa yote, lakini waliokula wameacha saa, sekunde, majina ya skripti, hata mistari ya msimbo ambayo unaweza kukaa nayo ukaisoma taratibu kama unavyosoma barua ya gavana. Nimezoea nyaraka zinazokaa kimya kuhusu nani alifanya nini. Hizi zinasema sana.

Kwanza kisanduku chenyewe. Ni diski ya kawaida iliyofungwa pamoja na kompyuta ndogo na tundu la kebo ya mtandao. Huichomeki kwenye kompyuta moja. Unaichomeka kwenye ruta ya nyumbani, na kila simu, kompyuta na televisheni iliyomo humo inaiona. Maofisi yalikuwa na mashine za namna hiyo tangu zamani, kubwa, za bei kali, kila moja na fundi wake. My Book Live ilipoingia sokoni mwaka 2010, kilichokuwa kimepungua ni fundi. Mtu yeyote angeinunua dukani, akaichomeka, akasahau. Na zaidi ya hapo, angeweza kufungua picha zake akiwa safarini.

Hilo la mwisho ndilo lililozaa mengine yote. Ruta ya nyumbani kwa kawaida ni ukuta wenye lango la kutokea tu: waliomo ndani hutoka kwenda kuomba kurasa, majibu yakarudi nao, lakini mgeni wa nje hawezi kwenda moja kwa moja kugonga mlango wa kifaa fulani cha ndani. Ili kifaa kifikiwe kutoka nje, lazima ukuta utobolewe. Watengenezaji walijua kwamba mteja wa kawaida hawezi kutoboa, hivyo vifaa vingi vya aina hii vikategemea utaratibu uitwao UPnP, ambao huruhusu kifaa kilichomo ndani kuiambia ruta, "Nifungulie mlango namba fulani," na ruta ikafungua bila kumuuliza mwenye nyumba. Katika mazungumzo hayo hakuna nenosiri. Dhana ilikuwa kwamba chochote kilichokwishaingia ndani ya nyumba ni cha kuaminika. Sisi tuliolelewa na methali ya kikulacho tungeweza kuwashauri, lakini hakuna aliyetuuliza.

Sasa twende Aprili 2011. Kwa maelezo ya Western Digital yenyewe, yaliyotolewa baada ya maafa, mwezi huo ndipo lilipoingia badiliko katika sehemu ya programu inayohakiki utambulisho. Kabla ya hapo kila huduma ndani ya kifaa ilikuwa na mistari yake ya kuuliza: wewe ni nani, nenosiri lako liko wapi? Wahandisi walitaka maswali hayo yaulizwe mahali pamoja, katika faili moja lenye orodha: huduma hii ni ya msimamizi tu, hii ni ya yeyote aliyemo ndani ya mtandao wa nyumbani, na kadhalika. Ni wazo zuri. Ofisi ambayo kila mlango una mlinzi mwenye kanuni zake huendeshwa vibaya kuliko ofisi yenye mapokezi moja.

Wakapita huduma moja baada ya nyingine wakiwaondoa walinzi wa zamani. Katika skripti ya kurudisha kifaa katika hali kilivyotoka kiwandani, yaani ile inayofuta kila kitu, kulikuwa na mistari michache ya kuuliza nenosiri. Mbele ya mistari hiyo viliwekwa vistari viwili vya mshazari, alama ambayo katika lugha ya PHP huiambia kompyuta: ruka hapa, usisome. Kilichobaki ilikuwa kuiandika huduma hiyo katika orodha mpya ya mapokezi. Haikuandikwa. Mlinzi wa zamani alikwisha kwenda nyumbani, na jina la mlango halikufika kwa mpokezi mpya. Tangu hapo, yeyote aliyeweza kufikisha ujumbe kwenye kifaa angeweza kukiamuru kijifute, bila kuulizwa chochote. Hali hiyo ilidumu miaka kumi.

Mistari hiyo ilichapishwa mwaka 2021 na nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili mtu ambaye hajui kuandika programu. Haikufutwa. Ipo, inasomeka, bado inauliza nenosiri kwa adabu zote, ila imenyamazishwa. Mtu aliyeiandika mara ya kwanza alijua fika kwamba hapo panafaa pawe na swali. Kama ningekuwa natafuta uzembe wa mtu mmoja ningekatishwa tamaa, kwa sababu ninachoona ni watu waliokuwa wakijaribu kuboresha kazi, na pengo likabaki kati ya hatua ya kwanza na ya pili.

Kulikuwa na tundu lingine. Western Digital iliacha kuviuza visanduku hivi mwaka 2014, na sasisho la mwisho la programu yake lilitoka mwaka 2015. Mwaka 2018 watafiti wawili wenye majina ya Kihabeshi, Paulos Yibelo na Daniel Eshetu, walitangaza kwamba kisanduku kina udhaifu mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutazama, yaani kwenye mpangilio wa kuchagua lugha. Ukikiambia kifaa kwamba unataka Kifaransa, kifaa kililichukua neno hilo na kulipitisha kwenye amri za mfumo bila kulikagua. Basi ukiandika jina la lugha, ukaongeza alama fulani na amri yako mwenyewe, kifaa kilitekeleza amri hiyo kwa mamlaka ya juu kabisa. Nenosiri halikuhitajika, wala hukuhitaji kuwa ndani ya nyumba. Swali ambalo kila mgeni wa pwani huulizwa kwanza, unasema lugha gani, ndilo lililokuwa mlango.

Majibu ya kampuni kwa watafiti hao yalikuwa mafupi, na kila sentensi yake ilikuwa kweli. Vifaa hivyo viliingia sokoni kati ya 2010 na 2012. Vimeacha kuuzwa tangu 2014. Havimo tena katika muda wa huduma. Anayetaka kuendelea kuvitumia apange ulinzi wa mtandao wake ili visifikiwe kutoka nje. Kwa maneno mengine, yule aliyeambiwa achomeke asahau alitakiwa sasa akumbuke, na arekebishe ukuta ambao hakujua kwamba umetobolewa.

Baada ya mafaili kufutwa mwaka 2021, Derek Abdine wa kampuni ya Censys alichunguza kilichobaki, na hapa ndipo hadithi ilipoanza kuninyima usingizi. Aligundua kwamba baadhi ya visanduku vilikuwa vimekwishaingiliwa kupitia tundu la lugha. Walioingia hawakufuta chochote. Walipanda programu inayokiunganisha kifaa na jeshi la vifaa vilivyotekwa linaloitwa Ngioweb, kisha wakakaa kimya. Picha za mwenyewe ziliendelea kufunguka kama kawaida. Na walifanya jambo moja zaidi: waliihariri skripti ile ya lugha wakaongeza sharti kwamba anayetaka kulitumia tundu hilo lazima awe na nenosiri. Nenosiri lao.

Tazama mpangilio wa tarehe. Tundu limetangazwa hadharani mwaka 2018. Sasisho la mwisho la kampuni ni la 2015. Katika visanduku hivyo, mtu wa kwanza kuweka kitasa kwenye mlango huo alikuwa mwizi.

Abdine alikisia kwamba kulikuwa na makundi mawili: moja lililoteka vifaa na kujifungia ndani, na lingine lililoshindwa kuingia kwa mlango wa lugha, likatumia ule mlango wa 2011 kufuta kila kitu, ama kwa kutaka kuvinyakua ama kwa kukomoa. Ni maelezo mazuri. Yanajibu swali gumu: kwa nini mtu ambaye tayari ana mamlaka yote ndani ya kifaa ahangaike na tundu la pili? Lakini Western Digital, baada ya kusoma madaftari ya matukio ya wateja, ilisema kwamba katika baadhi ya vifaa anwani iliyotumia tundu la kwanza ndiyo hiyohiyo iliyotumia la pili: kwanza ilipanda programu, baadaye ikafuta. Mhadhiri wangu wa mbinu za utafiti ana tabia ya kuuliza, "Hadithi yako inapendeza, je, chanzo kinakubali?" Hadithi ya wezi wawili inapendeza. Chanzo kinakubali kwa vifaa vingine na kukataa kwa vingine, na hapo ndipo nimeiacha.

Kampuni baadaye ilitoa huduma ya bure ya kujaribu kurejesha data kwa waliopoteza, na utaratibu wa kubadilisha kisanduku cha zamani kwa kipya.

Yote haya yangebaki mambo ya kusoma usiku kama si tasnifu yangu. Naandika kuhusu manamba, wale wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, wakapewa namba, na namba ikawa jina. Nyaraka za serikali zina idadi zao na gharama zao. Sauti zao nimezipata kwa mwalimu mstaafu wa Tanga ambaye katika miaka ya 1980 alizunguka na redio kaseti akiwahoji wazee kambini. Kanda zake zilikaa darini mpaka joto la Tanga lilipozigandisha. Kabla hazijaisha kabisa, binti yake anayeishi Ujerumani alizipeleka kwa fundi zikageuzwa kuwa mafaili, akamnunulia baba yake kisanduku cha kuyahifadhi. Si cha aina niliyoitaja. Kipo chini ya televisheni, Chumbageni, kando ya ruta, taa yake inapepesa mchana na usiku. Waliohojiwa humo karibu wote wamefariki. Kanda zinazoweza kuchezwa bado ni tatu.

Nilipomwuliza Mwalimu kama kisanduku kinafikiwa kutoka nje, aliniangalia kama nimeuliza kama maji yanalowesha.

"Ndiyo maana yake, mwanangu. Dada yako anasikiliza kutoka hukohuko. Kila Jumapili."

"Na masasisho yake, Mwalimu, nani anayaangalia?"

"Masasisho?"

Nikamweleza ya Juni 2021. Alisikiliza akiwa amefumba macho, namna anavyosikiliza kanda. Nilipofika kwenye tarehe, 2014, 2015, 2018, aliinua kidole.

"Hapo. Hapo katikati zamu ilikuwa ya nani?"

Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la singa. Aliniambia kwamba pale shambani kulikuwa na daftari la zamu, na anayetoka na anayeingia walitia alama wote wawili, baba yake kwa dole gumba kwa sababu hakujua kuandika. Anayeingia akichelewa, anayetoka anabaki. Usiku mmoja baba yake alibaki mpaka saa nne asubuhi kwa kuwa mwenzake alikuwa na homa, na hakuna aliyemlipa saa hizo. "Lakini ghala halikukaa peke yake," alisema Mwalimu. "Hao wa kwako waliondoka bila kumwona anayepokea."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma historia ya vifaa hivi kwa swali lake. Sidai kampuni ihudumie kila kifaa milele. Hakuna atakayekubali gharama hiyo, na diski zenyewe huchakaa. Ninachoona si haki ni kwamba huduma ilikuwa na tarehe ya mwisho, mlango haukuwa nayo. Siku kampuni ilipoacha kazi, kisanduku hakikujifungia ndani. Kiliendelea kusikiliza hodi kutoka duniani kote kwa niaba ya mtu ambaye hakujua kwamba sasa yeye ndiye mlinzi.

Kwa Mwalimu tulinakili mafaili yote kwenye diski mbili za kawaida zisizojua intaneti ni nini. Moja iko kwake kabatini, nyingine kwa mdogo wake Korogwe. Kisha tukazima ufikiaji wa nje. Jumapili iliyofuata simu ikaita kutoka Ujerumani: mbona hasikii? Kumbe hakuwa akisikiliza mahojiano yote. Alikuwa akisikiliza moja tu, la babu yake, mlinzi wa ghala, dakika kumi na mbili, na alikuwa hajawahi kulihifadhi kwenye simu yake kwa sababu lilikuwepo siku zote. Tulimtumia kwa WhatsApp.

My Book Live si kioja cha peke yake. Agosti 2014 programu ya kudai fidia iliyoitwa SynoLocker ilifunga mafaili katika vifaa vya kampuni ya Taiwan, Synology, na kudai bitcoin 0.6, rekebisho la tundu lililotumika lilikuwa limetolewa tangu Desemba 2013. Hapo mlinzi alifanya kazi yake na mwenye nyumba hakufungua mlango apokee kitasa. Programu nyingine, QSnatch, ilienea kwenye vifaa vya QNAP, nayo pia ni ya Taiwan. Mashirika ya usalama wa mtandao ya Uingereza na Marekani yalisema kwamba katikati ya Juni 2020 ilikuwa kwenye vifaa takriban 62,000. QSnatch ilikuwa na ujanja ambao Mwalimu aliupenda nilipomsimulia: iliharibu njia ya kifaa kwenda kwa mtengenezaji, ili kila kinapotaka kuuliza kama kuna sasisho kisifike. Yaani ilikamata tarishi. Kisha Aprili 2021 ikaja Qlocker, tena kwa QNAP, na tundu lililohusishwa nayo lilikuwa ndani ya programu ya kampuni ya kutengeneza nakala rudufu: utambulisho wa kuingilia ulikuwa umeandikwa humohumo ndani ya programu. Watu walikuwa wameiweka programu hiyo kwa kuogopa kupoteza mafaili.

Lakini tukio linalonifanya nibishane na nafsi yangu ni la Deadbolt. Januari 2022, wamiliki wa vifaa vya QNAP walifungua ukurasa wa kuingilia wakakuta barua badala yake. Mafaili yamefungwa, lipa bitcoin 0.03. Chini kulikuwa na ujumbe wa pili, kwa QNAP yenyewe: mkilipa bitcoin 5 tutawaeleza tundu tulilotumia, mkilipa 50 tutawapa na ufunguo mkuu wa wateja wenu wote. Mwizi anamwuzia fundi seremala habari za ufa wa mlango aliotengeneza.

QNAP haikukaa kungoja. Ilisukuma sasisho kwenye vifaa vya wateja, hata kwa watu walioamini kwamba wamezima masasisho ya kujiendesha. Wengi walikasirika. Wapo walioona huduma zao zikikatika ghafla. Wapo waliokuwa wamekwishalipa fidia, na sasisho likafuta ule ukurasa wa kuingizia ufunguo waliokuwa wameununua. Swali lao lilikuwa la haki: kifaa ni changu, kimo nyumbani kwangu, umeingiaje bila hodi? Nami niliyetoka kulaumu kampuni iliyoondoka zamu mapema, sasa naona nyingine iliyorudi zamu kwa kuvunja dirisha. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua aliyerudi. Ila ningependa kwenye karatasi ya kununulia kuwe kumeandikwa kwamba ana ufunguo wa dirisha.

Wezi nao wana matundu. Deadbolt ilikuwa ikitoa funguo kwa mashine: malipo yakionekana kwenye mtandao wa bitcoin, ufunguo unatumwa papo hapo. Oktoba 2022 polisi wa Uholanzi, wakishirikiana na kampuni ya Responders.NU, walituma malipo kwa ada ndogo kabisa, ili yachelewe kuthibitishwa, wakapokea funguo, kisha wakayafuta malipo kabla hayajakamilika. Walipata funguo 155 kabla wenye Deadbolt hawajastuka na kuanza kusubiri uthibitisho. Nilimsimulia Mwalimu hili kwa simu, akacheka mpaka akakohoa.

Huku kwetu wengi tumekingwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Tunaingia intaneti kwa simu, na kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani za mfumo wa zamani ni chache. Anayepiga hodi kutoka nje hawezi kujua nyumba ni ipi. Uhaba umekuwa ukuta. Ukuta huo unapungua kila waya wa faiba unapoingia mtaa mpya, na pamoja na waya huja kamera za geti, visanduku vya studio za harusi, na diski za ofisi za mawakili.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inawataka wanaouza vifaa vya kuunganishwa na mtandao waseme masasisho ya usalama yatatolewa kwa muda gani angalau. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayofanana na hiyo itaanza kutumika kwa sehemu yake kubwa tarehe 11 Desemba 2027. Ni daftari la zamu la aina yake, ingawa linatiwa alama na upande mmoja.

Mwezi uliopita nilipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kununua diski ya tatu kwa ajili ya kanda za manamba. Kwenye kioo cha duka kulikuwa na kisanduku cha mtandao kilichotumika, kimefutwa vumbi vizuri, kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya bado kipo ubavuni. Nikamwuliza kijana wa dukani kinapokea masasisho mpaka mwaka gani.

Akakigeuza, akatazama chini yake, akatazama na ubavuni.

"Waranti wiki mbili, dada," akasema. "Ila hiki hakiharibiki. Ukishakichomeka umesahau."